Kabla ya Roma, umefika Mwitongo?

Jioni moja baada ya chakula tulikuwa mafrateri saba au wanane tumekaa barazani, tunapunga upepo kabla ya kengele ya Sala ya Usiku. Mmoja wetu akatupa swali la kupitisha muda: akitokea mfadhili akakupa tiketi ya ndege ya kwenda na kurudi, utakwenda kuona mahali gani pa kale? Majibu yalitoka haraka, kama ya watu waliokuwa wameyaandaa tangu mwaka jana. Basilika la Mtakatifu Petro. Kaburi Takatifu kule Yerusalemu. Piramidi za Misri. Ukuta wa China. Ndugu mmoja anayewapenda Wagiriki kuliko ugali akasema yeye ni Athene tu, akasimame pale Sokrate alipowajibu waliomshitaki. Mimi nilisema Roma, na nilisema bila kufikiri, kama mtu anavyojibu "nzuri" akiulizwa habari za asubuhi.

Frateri wa kutoka Lindi akasema Kilwa Kisiwani. Tukacheka. Yeye hakucheka. Akatueleza kwamba mji ule ulipiga sarafu zake wenyewe wakati dhahabu ya kusini, kutoka Sofala, ilipokuwa ikipita mikononi mwa wafanyabiashara wake; kwamba Ibn Battuta, msafiri wa Moroko, alifika mwaka 1331 akausifia uzuri wake; kwamba Msikiti Mkuu wa mawe ya matumbawe bado una nguzo na kuba, na UNESCO iliuweka kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981 pamoja na magofu ya Songo Mnara. Alipomaliza akanigeukia mimi. "Na wewe wa Mara, Butiama kukoje ndani?"

Sikuwa na jibu. Nimezaliwa na kukulia Mugeta. Kutoka kwetu hadi Butiama si safari ya siku, wala ya nusu siku. Nimepita pale kwenye basi nikienda shule, nimepita nikirudi likizo, nimeona kibao, nimelala usingizi, nimeamka tumeshapita. Sijawahi kushuka. Ndugu yangu wa Lindi alinitazama kwa huruma, akasema, "Basi na wewe nenda Roma."

Naomba nieleweke vizuri. Sisemi kwamba Roma si kitu. Mwaka wa Jubilei 2025 waamini wengi wa nchi yetu walijinyima na kuchangishana ili wapite Mlango Mtakatifu, na Mungu awabariki. Wapo pia wanaopanda mabasi kila mwaka kwenda Namugongo kwa sikukuu ya Juni 3, kukumbuka siku ile ya mwaka 1886 ambapo Karoli Lwanga na wenzake walichomwa moto kwa ajili ya imani. Safari hizo zinajenga. Hoja yangu ni nyingine, na ni ya kujishitaki mwenyewe kwanza: tumejizoesha kuamini kwamba mahali hupata ukubwa kwa kuwa mbali. Kilicho karibu tunakiita "pale tu".

Na hatuna upungufu. Kondoa kuna michoro ya miambani iliyochorwa na watu walioishi kwa kuwinda na kuokota, nayo iliingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Laetoli, ng'ambo ya Serengeti hii hii tunayopakana nayo, nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili zimehifadhika kwenye majivu ya volkano kwa miaka kama milioni 3.6; zilipatikana mwaka 1978. Huku kwetu, ukielekea Nata na Ikoma, yapo magofu ya boma la Wajerumani la Fort Ikoma. Na Bagamoyo, ambako kila Mkatoliki wa nchi hii ana deni la kufika, Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni mwaka 1868 na kuanzisha kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Mwezi Februari 1874 mwili wa David Livingstone, uliobebwa na kina Susi na Chuma kutoka ndani kabisa ya nchi inayoitwa leo Zambia, ulilazwa pale misheni kabla ya kuvushwa kwenda Zanzibar. Mprotestanti yule alipokewa na mapadre Wakatoliki. Ningeweza kuandika makala nzima juu ya usiku ule. Lakini mimi ni mtu wa Mara, na swali niliulizwa juu ya Butiama.

Likizo ilipofika nikamwambia bibi yangu, mzaa baba, kwamba nataka kwenda Butiama na nataka twende wote. Bibi ana miaka zaidi ya sabini na mitano. Miguu yake inamsumbua kidogo ila ulimi haujambo. Tangu nilipovaa kanzu kwa mara ya kwanza ananiita Frateri mbele za watu, na "mume wangu" tukiwa wawili, kama mabibi wa kwetu wanavyowatania wajukuu.

"Butiama kufanya nini?" akauliza. "Yule mzee si alishazikwa?"

"Kumwona, Bibi."

"Nilimwona akiwa hai. Wewe ndiye hujamwona."

Ni kweli. Mimi nilizaliwa baada ya yeye kuzikwa. Mwalimu Julius Kambarage Nyerere alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999 na kuzikwa Butiama tarehe 23 ya mwezi huo huo. Kwa watu wa rika langu ni sura kwenye noti na sauti nzito inayosikika redioni kila Oktoba. Kwa bibi ni mtu.

Tulipanda haisi asubuhi, tukapita Nyamuswa, na kabla jua halijawa kali tulikuwa Butiama. Kutoka barabarani tulikwenda kwa bodaboda mbili, bibi akiwa ameshika rozari kwa mkono mmoja na bega la dereva kwa mwingine. Pale penyewe panaitwa Mwitongo. Ni kilima chenye mawe makubwa ya matale yaliyopandana na miti iliyoachwa ikue. Yapo Makumbusho ya Mwalimu, yaliyofunguliwa mwaka 1999, na lipo kaburi lake karibu na makaburi ya wazazi wake, Mtemi Burito na Mama Mugaya.

Kwa wasiojua, nieleze kwa ufupi kwa nini kilima hiki si "pale tu". Hapa ndipo Kambarage alipozaliwa Aprili 1922, siku ya mvua, akapewa jina la roho wa mvua wa Wazanaki. Baba yake alikuwa na wake 22, na Mugaya alikuwa wa tano. Akiwa na miaka 12 alitoka hapa kwenda kuanza darasa la kwanza Mwisenge, Musoma, kiasi cha kilomita arobaini, na si kwa gari. Imani aliikuta shuleni na kwa mapadre wa Nyegina, misheni ya kwanza ya Wakatoliki katika eneo la Musoma, na huko Nyegina ndiko alikobatizwa tarehe 23 Desemba 1943, akiwa na miaka 21, akachagua jina la Julius. Alipong'atuka urais mwaka 1985 angeweza kuishi popote. Alirudi kijijini kulima. Na ni katika miaka ya uzee wake alipozitafsiri Injili zote nne kwa Kiswahili katika mtindo wa utenzi. Ukisimama pale unaelewa jambo moja ambalo kitabu hakikupi: umbali kati ya boma la mtemi na jumba la Ikulu ni mkubwa sana, na mtu huyu aliutembea wote, kwenda na kurudi.

Hayo nilikuwa nimejiandaa nayo. Nilikuwa hata na daftari. Sikuwa nimejiandaa na bibi.

Alisimama mbele ya kibao, akakisoma taratibu kwa sauti, silabi kwa silabi kama anavyosoma Misale. Mwi-to-ngo. Kisha akacheka.

"Unajua maana yake?"

Nikasema ni jina la mahali.

"Kitabu chote hicho unachosoma, hujui itongo?" Kiikizu chetu na Kizanaki ni ndugu, neno ni moja. Itongo ni pale boma lilipokuwa likahama. Watu wameondoka, nyumba zimeanguka, vimebaki minyaa ya uzio, jiwe la kusagia na udongo mweusi wa zizi unaootesha mboga kuliko shamba lolote. Kwa Kiswahili tungesema mahame. "Mwitongo ni kwenye itongo," bibi akasema. "Kumbe na yeye kwao ni itongo." Akanyamaza kidogo. "Mimi pia ninalo la kwangu."

Nilijua hadithi hiyo vipande vipande. Siku ile, tumekaa juu ya jiwe chini ya mti, aliisimulia yote. Mwaka 1974 alikuwa na miaka kama yangu ya sasa, na watoto watatu. Boma lao lilikuwa juu, mlimani, mbali na barabara. Mtama ulikuwa haujaiva. Walikuja mgambo pamoja na viongozi wa eneo, wakasema siku ni hizi na hizi, kila mtu ashuke kijijini kwenye viwanja vilivyopimwa. Babu alisema wangoje wavune. Hawakungoja. Makuti na nyasi za paa zilishushwa wao wakiwa ndani. Walilala wiki kadhaa chini ya mti na watoto, na yule mdogo wa tatu, shangazi ambaye sikumjua, alishikwa na homa akafa kabla nyumba mpya haijaezekwa. Bibi hakulia akisimulia. Aliichezea rozari tu.

Sasa wewe unayesoma, fikiri nilivyokaa pale. Mita chache mbele yetu analala mtu ambaye Kanisa, tangu mwaka 2005, linamwita Mtumishi wa Mungu, na jimbo letu mama la Musoma ndilo lililoanzisha mchakato wake. Nimesali mara nyingi atangazwe mwenyeheri. Na ni yeye aliyetangaza mwezi Novemba 1973 kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na kwamba hadi mwisho wa mwaka 1976 wananchi wote wa mashambani wawe wamehamia. Yeye huyo huyo mwaka 1968, katika andiko lake juu ya uhuru na maendeleo, alikuwa ameeleza kwamba vijiji vya ujamaa haviwezi kujengwa kwa kulazimisha watu. Kufikia mwaka 1977 watu zaidi ya milioni 13 walikuwa wanaishi vijijini. Bibi yangu ni mmoja wa hao milioni 13.

Nikamuuliza, kwa uoga, "Bibi, unamlaumu?"

Alinitazama kama nimeuliza swali la mtoto. "Walioshusha paa ninawajua. Wengine nimewazika. Si yeye." Kisha akaongeza, "Lakini amri ni yake. Hilo atakuwa ameshaulizwa na Mwenye kuuliza."

Na bado hakuwa amemaliza, maana katika kijiji kile kile alichopelekwa kwa nguvu ndiko alikojifunza kusoma. Wakati wa jioni, chini ya mwembe, darasa la elimu ya watu wazima, yeye na mtoto mgongoni. Baba yangu naye aliingia shule kutokana na Azimio la Musoma la mwaka ule ule 1974, lililotaka kila mtoto wa nchi hii apate elimu ya msingi bila kungoja. Kile kibao cha Mwitongo alichokisoma silabi kwa silabi, alikisoma kwa sababu ya mtu aliyelala nyuma yake. "Niandike nini sasa?" nikajiuliza na daftari langu. Nilikuwa nimepanga kuandika orodha ya vitu vilivyomo kwenye makumbusho.

Hapa ndipo ilipo hoja yangu. Mahali pa kihistoria panapostahili nauli yako ni mahali panapokuuliza swali ambalo usingeulizwa ukibaki nyumbani. Ukubwa wa mawe ni jambo la pili. Piramidi inamshangaza mtu yeyote mwenye macho, na mshangao ni mwanzo mzuri; Aristotle anatuambia falsafa huanzia hapo. Lakini mshangao unaoishia kwenye picha ya simu ni nusu ya safari. Mtakatifu Agustino, katika kitabu cha kumi cha Maungamo, anawasikitikia watu wanaosafiri kwenda kuyaona maajabu ya dunia huku nafsi zao wenyewe hawazitazami. Nimemsoma kwa ajili ya mtihani, nikapata alama nzuri, na sikumwelewa mpaka nilipokaa kwenye jiwe la Butiama kando ya mwanamke anayemsamehe mtu aliyezikwa.

Najua pingamizi litakaloletwa, kwa sababu lililetwa niliporudi seminarini na kuwasimulia wenzangu. Ndugu mmoja alisema: Frateri, mahali pa sala si mahali pa kufukua. Mtu akienda kumwombea Mtumishi wa Mungu aende na heshima, mambo ya vijiji vya ujamaa awaachie wanahistoria. Mwingine akaongeza kwamba maswali ya namna hii yanaweza kumchelewesha Mwalimu.

Ninawaheshimu wote wawili lakini sikubaliani nao, na nadhani Kanisa lenyewe halikubaliani nao. Katika mchakato wa kumtangaza mtu mwenyeheri au mtakatifu, kwa karne nyingi kulikuwa na ofisa ambaye kazi yake ilikuwa kuleta kila kinachoweza kupinga. Watu walimwita wakili wa shetani. Papa Yohane Paulo II alipozibadili taratibu mwaka 1983, kazi hiyo ilipunguzwa lakini haikufutwa moyo wake: bado yupo promota wa haki, bado mashahidi huulizwa yote wanayoyajua, mazuri na yasiyo mazuri. Kanisa haliogopi kuuliza. Linaogopa kutangaza bila kuuliza. Kama shahidi mwenye jambo gumu anakaribishwa mezani Jimboni, kwa nini mhujaji mwenye jambo gumu aambiwe anyamaze kaburini?

Na hata historia ya wokovu imetufundisha kusoma mahali kwa namna hii. Mahujaji huko Roma hawafichwi kwamba Petro alikana. Jogoo amechongwa na kuchorwa kwenye majeneza ya mawe ya Wakristo wa kwanza, kando ya mtume yule yule ambaye kanisa kubwa kuliko yote limejengwa juu ya kaburi lake. Bagamoyo nako, usipojiuliza ni nini kilichopitishwa bandarini pale, huwezi kuelewa mapadre walikomboa watu kutoka kwa nani, wala kwa nini kijiji chao kilikuwa kijiji cha uhuru. Ukisafisha mahali hadi pasibaki doa, umepafanya pasiwe na maana.

Lipo pia jambo linalonihusu mimi binafsi, na wenzangu wa mwaka wa pili wa falsafa. Tukijaliwa upadre tutapewa mamlaka. Madogo, lakini mamlaka. Paroko akisema Jumapili kwamba kila Jumuiya Ndogo Ndogo italeta kiasi fulani cha mchango wa ujenzi kabla ya mwezi kuisha, hiyo ni amri, hata akiiita ombi. Huko chini yupo mwenyekiti atakayeitekeleza kwa namna yake, na yupo mama ambaye mtama wake haujaiva. Mwalimu aliandika kweli mwaka 1968, na miaka mitano baadaye haraka ya wema ilimshinda. Nasema haraka ya wema, kwa sababu sioni ushahidi wowote kwamba alitafuta faida yake. Alikuwa anataka maji, shule na zahanati viwafikie watu, na aliona muda unakwenda. Mtu mbaya anayeamuru vibaya hanifundishi mengi. Mtu mwema aliyekuwa akienda Misa kila siku, na bado amri yake ikaishusha paa ya bibi yangu mtama ukiwa mbichi, huyo ananinyima usingizi. Ningependa kila mseminari apate usingizi wa namna hiyo uliokatika walau mara moja kabla ya daraja.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Walezi wetu wanapopanga safari za mafunzo, na maparoko wanapopanga hija za VIWAWA na WAWATA, Mara ipewe nafasi yake. Mzunguko upo tayari, kaulizeni wenyeji: Nyegina alikobatizwa, Mwisenge alikoanza shule, Mwitongo alikozaliwa na anakolala. Siku mbili zinatosha, na mapadre wa huko ni watu wa kukaribisha. Wenye magari ya watalii wanapita karibu kila siku wakikimbilia nyumbu na simba, na wengi hawasimami; sisi tusiwe kama wao. Tena msiende vijana peke yenu. Chukueni mzee mmoja kwenye kila gari, mwenye miaka sabini kwenda juu, mkae naye mbele, mumwache aseme. Wanapungua. Mashahidi wa mwaka 1974 waliokuwa watu wazima wakati ule wanazikwa kila wiki katika parokia zetu, na tunawasomea wasifu wa dakika tatu unaosema walizaliwa, waliolewa, walipata watoto saba. Mtu mmoja aandike. Daftari la shilingi mia tano linatosha.

Kabla hatujaondoka bibi aliomba tuingie kaburini mara ya pili. Mara ya kwanza alikuwa amesimama pembeni, anatazama watu. Safari hii alipiga magoti, jambo ambalo kwa miguu yake si dogo, akasali sala ya marehemu kwa Kiswahili, halafu akasema maneno mengine kwa Kiikizu, kwa sauti ndogo, ambayo sikuyasikia yote. Nilisikia jina la shangazi. Nilitaka kumpiga picha, akaniwekea mkono. "Hapa hapana."

Nilidhani safari imekwisha. Lakini tulipofika Mugeta jua lilikuwa bado lipo, na bibi hakuelekea nyumbani. Aliomba bodaboda itupeleke hadi njia inapokomea, kisha akanishika mkono tukapanda taratibu, tukipumzika kila baada ya hatua ishirini. Miaka yote niliyokaa kijijini nilichunga mbuzi upande ule wa mlima na sikujua. Minyaa imekuwa miti mikubwa sasa. Katikati kuna kichaka na udongo mweusi, mtu fulani amepanda mahindi juu yake. Bibi alizunguka akitafuta kitu kwa fimbo yake, akakipata chini ya majani: jiwe la kusagia, limezama nusu ardhini, lina shimo laini katikati mahali mkono wake ulipopita miaka hiyo. Alikaa juu yake.

"Sasa piga," akasema.

Nikapiga. Akaichukua simu, akaisogeza mbali na macho, akaitazama kwa muda.

"Rudia, Frateri. Jiwe halionekani."